Ukiuzuia Upepo, Kazi Yake Inakuwa Yako

Anayetaka kuanza kulima mboga kwa bidii huwa na swali moja: kipi bora, kitalu nyumba au shamba la wazi? Ukimsikiliza kwa makini utaona swali limekuja na jibu lake. Nje kuna jua la kuunguza, mvua ya mawe, wadudu na kubahatisha. Ndani kuna usalama. Nje mmea unateseka, ndani unadekezwa. Kilichobaki ni kutafuta fedha za nguzo na nailoni.

Mimi nalima pande zote mbili, matuta ya wazi yakiwa hatua chache tu kutoka mlango wa kitalu, na picha hiyo naikataa. Kitalu nyumba chenyewe nakithamini, na nitasema kinaposhinda. Ninachokataa ni ile imani kwamba ukuta wa nailoni unaondoa matatizo na kuuacha mmea ukistarehe. Ukuta huo hauchagui. Unazuia upepo unaovunja matawi pamoja na upepo unaokomaza shina. Unazuia mvua inayoeneza ukungu pamoja na mvua inayosafisha udongo. Unazuia mdudu anayekula jani pamoja na mdudu anayemla huyo mla jani. Nje kazi hizo zote hufanyika bila wewe kujua. Ukishafunga paa, kila moja inakungoja wewe.

Nianze na joto, maana ndilo kila mtu anadhani analielewa. Maelezo tuliyozoea ni kwamba mwanga wa jua hupenya kwenye kioo, ardhi hupata joto, kisha joto hilo likijaribu kutoka kama miale, kioo hulirudisha. Kuna ukweli ndani yake, lakini si huo unaofanya kazi kubwa. Mwaka 1909 mwanafizikia wa Marekani, Robert W. Wood, alitengeneza visanduku viwili. Kimoja alikifunika kwa kioo, kingine kwa bamba la chumvi ya mawe, ambayo hupitisha miale ya joto bila kuizuia. Kama maelezo yale yangetosha, kisanduku cha chumvi kingebaki nyuma sana. Alipouchuja mwanga wa jua kwanza kwa kioo ili vyote viwili vipate mwanga wa aina moja, vilipanda hadi karibu nyuzi 55, vikapishana kwa kama nyuzi moja tu. Kinacholeta joto ndani ya kitalu, kwa sehemu kubwa, ni hewa iliyofungiwa. Nje, hewa iliyo juu ya udongo ikipata joto inakuwa nyepesi, inapanda na kuondoka, na yenye ubaridi inakuja kushika nafasi yake, kutwa nzima. Kitalu kinaukata mzunguko huo, basi. (Angahewa ya dunia ni habari nyingine: huko ni gesi kama hewa ukaa zinazofyonza miale ya joto, na jaribio la Wood haligusi jambo hilo.)

Kwa mkulima haya si ya darasani. Kama joto la ndani ni hewa iliyofungiwa, dawa yake ni kuiachia, na hewa ya moto huachiwa kutokea juu. Nikiingia kwenye kitalu cha mtu yeyote, kitu cha kwanza kukitazama ni kilele cha paa: je, kuna tundu la hewa, na upana wake ni kiasi gani? Kitalu chenye pande zilizokunjuliwa lakini paa lililozibwa kabisa hutunza joto juu kabisa, pale pale ambapo vichala vichanga vya nyanya vinachanua. Mmea wa nyanya unavumilia mengi, ila chavua yake haivumilii. Joto la mchana likizidi nyuzi 32 hadi 35 kwa siku mfululizo, chavua hudhoofika na maua hupukutika. Unabaki na mmea mrefu, wa kijani kibichi, unaopendeza machoni, usio na tunda, wakati jirani yake wa nje, aliyepungiwa na hewa siku nzima, anashika matunda bila shida. Kitalu kilibuniwa kwenye nchi za baridi ili kishike joto. Kwenye nchi za joto kazi yake kubwa ni kulitoa, na anayenakili ramani ya baridi bila kuinua paa na kupanua matundu atapigana na joto hilo kila msimu.

Usiku mambo hugeuka kwa namna ambayo wengi hawaitarajii. Kioo huzuia miale ya joto inayotoka ardhini, lakini nailoni ya kawaida huipitisha kwa wingi. Usiku mtulivu, mbingu ikiwa safi, mimea na udongo ndani ya kitalu kisicho na cha kukipasha joto hupoteza joto kuelekea angani, na hewa iliyofungiwa haichanganyiki na ile ya nje iliyo na uvuguvugu kidogo. Kuna alfajiri ambazo ndani kunakuwa na baridi kuliko nje. Ninayemwambia hili huwa hakubali mpaka aweke vipimajoto viwili, kimoja ndani na kimoja nje, avisome kabla jua halijachomoza. Namsihi kila mwenye kitalu afanye hivyo. Vipimajoto viwili vitamfundisha kuhusu jengo lake mengi ambayo fundi aliyelijenga hakumwambia.

Sasa upepo. Huu ndio ninaoutetea kuliko vyote, kwa kuwa hauna mtetezi. Shika shina la mnyanya uliokulia nje, sentimita chache juu ya udongo, kisha kashike la mwenzake wa ndani: mbegu za pakiti moja, zilizosiwa siku moja. La nje ni fupi na gumu, pingili zake zimekaribiana, na vinyweleo vyake vinakwaruza kidogo na kukuachia rangi ya kijani-manjano vidoleni. La ndani limerefuka, pingili ziko mbalimbali, na ukilibonyeza kwa kidole gumba linabonyea. Mmea huo wa ndani ukiuondolea kamba inayoushikilia, unalala. Mwaka 1973 mwanasayansi M. J. Jaffe alionyesha kwamba mimea inayosuguliwa kidogo tu kila siku hupunguza kurefuka na kunenepesha shina. Mmea unahisi kutikiswa na unajijenga kwa kadiri ya mtikiso huo. Usipotikiswa, chakula chake chote hukielekeza juu.

Ushahidi mkubwa kuliko wote ulitoka Arizona, Marekani. Biosphere 2 lilikuwa jengo la vioo lenye ukubwa wa zaidi ya hekta 1, lililozibwa lisipitishe hewa, na ndani yake kulikuwa na msitu, nyika, kinamasi, bahari ndogo na shamba. Septemba 1991 watu 8 waliingia humo kuishi miaka 2 kwa kile ambacho jengo lingewapa. Miti ilikua haraka, lakini mingi ilitoka na mashina dhaifu, ikainama, mingine ikaanguka. Haikuwahi kusukumwa na upepo, kwa hiyo haikujenga ule ubao mgumu ambao mti hujijengea kwa kuinamishwa na kurudi, kuinamishwa na kurudi. Oksijeni nayo ikapungua kutoka karibu asilimia 21 hadi karibu 14.5 mapema mwaka 1993, kwa sababu udongo ulikuwa umejazwa mboji nyingi na vijidudu vyake viliitumia hewa hiyo kuliko mimea ilivyoirudisha. Ikabidi iongezwe kutoka nje. Wadudu wachavushaji wengi wakafa. Mende na sisimizi wakashamiri.

Watu wengi huisimulia habari hiyo kama ya kushindwa. Mimi huisoma kama orodha: hapa kuna kazi ya upepo, hapa kuna kazi ya mdudu, hapa kuna kazi ya hewa isiyo na mpaka. Wataalamu waliokuwa na fedha nyingi na vifaa vya kila aina walikutana na kazi hizo moja baada ya nyingine, kila moja ilipokosekana. Mwenye kitalu kidogo cha nyanya anakutana na zilezile, ila kwa kipimo kidogo.

Ninachofanya kwa miche ni rahisi na hakigharimu kitu. Asubuhi na jioni, majani yakiwa makavu, napitisha fimbo nyepesi au kiganja kilichofunguliwa juu ya trei, kwenda na kurudi mara kadhaa, kiasi cha kuyainamisha majani bila kuyachubua. Majani yakiwa na maji siyagusi, maana hapo mkono unasambaza magonjwa. Ndani ya wiki mbili tatu tofauti inaonekana kwa macho: miche iliyosuguliwa ni mifupi, imesimama wima, na haihangaiki ikihamishwa.

Kisha kuna maua, na hapa upepo unakumbukwa kwa machungu. Ua la nyanya lina sehemu ya kiume na ya kike pamoja, linaweza kujichavusha, lakini chavua imefungiwa ndani ya mirija ya manjano iliyoshikamana kulizunguka ua katikati, yenye upenyo mdogo kwenye ncha. Bila mtikiso haitoki ya kutosha. Nje, upepo unamaliza sehemu kubwa ya kazi, na wapo nyuki wakubwa wanaolikumbatia ua na kulitetemesha kwa misuli ya mabawa hadi chavua iwamwagikie tumboni. Nyuki wa asali hawezi mtetemo huo. Ndani ya vitalu vya vioo vya Uholanzi na majirani zake watu walikuwa wakipita kichala baada ya kichala na kifaa cha umeme cha kutetemesha maua, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980 walipoanza kununua makundi ya nyuki-bambi, wale wanene wenye manyoya, yaliyofugwa ndani ya masanduku kwa ajili hiyo. Kazi iliyokuwa ya bure nje ikawa kibarua, kisha ikawa bidhaa.

Asiye na nyuki-bambi agonge waya. Nyanya zangu za ndani zinaning'inia kwa kamba kutoka kwenye waya wa juu, nami huugonga kwa kijiti kati ya saa nne na saa sita za mchana, unyevu wa usiku ukiwa umeshakauka na joto kali halijafika. Simama jua likiwa mbele yako na maua yakiwa katikati: utaona vumbi la manjano likishuka, jepesi sana, kwa muda mfupi tu baada ya kila pigo. Ukigonga mapema mno chavua bado ina unyevu na imegandamana. Ukichelewa, joto limeshaidhuru. Sijui kazi nyingine ya shambani ambayo ni ndogo hivi na malipo yake ni makubwa hivi. Kichala kisichogongwa huleta matunda machache, madogo, yenye mbegu chache na yaliyopinda.

Mvua ina sifa mbaya kwa wakulima wa nyanya, na inastahili. Bakajani chelewa, ugonjwa unaoweza kulimaliza shamba kwa siku chache, huhitaji majani yaliyolowa kwa saa nyingi, na paa tupu, hata bila kuta, linapunguza hatari hiyo sana. Lakini mvua huosha. Maji ya kumwagilia yana chumvi kidogo, na mbolea za viwandani karibu zote ni chumvi. Nje, mvua kubwa ya msimu huisukuma chumvi iliyobaki mpaka chini ya mizizi. Ndani hakuna wa kuisukuma. Kwenye umwagiliaji wa matone maji husambaa kutoka kwenye tundu la mpira kwenda pembeni na kupanda juu, yanakauka, yanaacha chumvi yake hapo. Piga magoti uangalie pale ambapo udongo wenye maji unakutana na udongo mkavu: kama kuna ukoko mweupe uliochora duara kulizunguka tundu, umeshaanza kuipata hesabu ya mvua uliyoizuia. Mmea wenyewe huonyesha baadaye, kingo za majani zikiungua na majani yakinyauka saa za mchana huku udongo una maji tele. Dalili hizo zinafanana na za njaa au kiu, na anayezitibu kwa mbolea zaidi anazidisha.

Ninachopendekeza hakipendwi na wauzaji wa nailoni. Nailoni nzuri yenye unene wa mikroni 200, iliyotiwa kinga dhidi ya jua, hudumu miaka 3 hadi 5. Ikifika mwisho wake, usikimbilie kufunika tena. Acha mbavu za kitalu zikae wazi msimu mmoja wa mvua, udongo uoshwe hadi chini, na uipe ardhi zao la jamii nyingine kabisa ya mimea. Msimu huo si wa hasara.

Nasema jamii nyingine kwa sababu ya tatizo linalotembea pamoja na la chumvi. Nje ukiona mnyauko bakteria au minyoo fundo, ile midogo sana inayovimbisha mizizi, unahamisha nyanya upande mwingine wa shamba na kuacha pale mahindi au majani. Kitalu hakihami. Gharama yake inamlazimisha mwenye nacho apande zao lenye bei nzuri, na zao hilo huwa ni lilelile: nyanya, pilipili hoho, nyanya tena. Nyanya na hoho ni ndugu, wanagawana maradhi. Vimelea vya udongoni havihitaji fursa kubwa kuliko hiyo. Wakulima wakubwa wa vitalu duniani wameuacha udongo wenyewe, wanaotesha kwenye pamba ya mawe au makumbi ya nazi yaliyosagwa, na wengine wanapandikiza vikonyo vya nyanya tamu juu ya mashina ya nyanya sugu. Ni suluhisho zuri. Pia ni kazi nyingine iliyohamia mikononi mwa mtu, kwa sababu mbolea yote sasa lazima ipimwe na kumiminwa naye, na pampu ikizimika mchana wa jua mmea hauna udongo wa kuutegemea.

Kuhusu wadudu, watu hupenda kuniambia kwamba ndani hakuna. Mwanzoni ni kweli. Nyavu zenye matundu madogo huwazuia nzi weupe, na kantangaze, yule nondo wa nyanya, pia. Tatizo ni yule mmoja anayepita na nguo yako, au na mche ulionunuliwa. Nje angekutana na mvua ya kumwangusha, buibui, kunguni wawindaji, nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya watoto wake. Ndani amepewa joto, chakula na ulinzi. Idadi yao huongezeka kwa kasi ambayo huwezi kuiona shambani, na utitiri mwekundu, unaopenda ukavu na majani yasiyopigwa na mvua, ndio mbaya zaidi. Uingereza miaka ya 1920 wakulima wa vitalu walianza kuingiza kwa makusudi kinyigu kiitwacho Encarsia formosa, kidogo kuliko kichwa cha pini, kiwawinde nzi weupe. Ilifanya kazi, na bado inafanya. Walichofanya ni kumrudisha ndani askari ambaye ukuta ulikuwa umemfungia nje.

Na kila wavu unaouongeza unakurudisha kwenye joto. Matundu yakiwa madogo ya kutosha kumzuia nzi mweupe, hewa nayo inapita kwa shida. Ya kuvizuia vithiripi, wadudu wembamba wadogo kuliko nzi mweupe, ni madogo zaidi, na hewa inapita kwa shida zaidi. Kwa hiyo eneo la nyavu linapaswa kuwa kubwa kuliko eneo la dirisha la kawaida. Ukinunua wavu mzuri na kuuweka kwenye dirisha dogo umezuia wadudu na kupika maua. Ndani ya kitalu hakuna uamuzi unaosimama peke yake, na hilo ndilo linalowachosha watu waliozoea shamba la wazi.

Kuhusu hewa nitapita haraka. Hewa ya nje ina takriban sehemu 420 za hewa ukaa katika kila milioni, na upepo huileta upya kila dakika. Kitalu kilichofungwa, chenye mimea mingi inayokula mwanga, kinaweza kushuka chini ya nusu ya kiwango hicho kabla ya adhuhuri, na mimea ikadumaa jua likiwa linawaka. Wenye vitalu vya kisasa huongeza gesi hiyo hadi 800 au 1,000 na kuvuna zaidi. Wengine wote wafungue madirisha.

Mwanga unahitaji maneno zaidi, kwa sababu unaua miche. Kioo huzuia karibu yote miale mikali ya urujuanimno, ile inayounguza ngozi, na nailoni nyingi za vitalu hutiwa dawa ya kuipunguza. Kuna faida: nzi weupe huitumia miale hiyo kujua njia, na wakiikosa hawapendi kuingia. Lakini jani lililokua bila miale hiyo, bila upepo na bila ukavu, linakuwa jembamba, na nta inayolifunika ni kidogo. Litoe ghafla adhuhuri, na kesho yake utaliona na mabaka meupe kama karatasi, hasa sehemu iliyolielekea jua. Lile baka si ugonjwa na halitibiki. Jani limeungua, na mmea utasubiri majani mapya ndipo uendelee.

Kuizoesha miche huchukua siku 7 hadi 10, na sijaona njia ya mkato inayofaa. Siku za mwanzo inakaa nje saa chache za asubuhi, kivulini, mahali pasipo na upepo mkali. Halafu saa zinaongezwa, kivuli kinapunguzwa, maji yanapunguzwa kidogo bila kuiacha inyauke, na mwisho inalala nje. Ukigusa majani ya mche uliozoeshwa utahisi ugumu ambao haukuwepo, na rangi imekolea, pengine na wekundu wa zambarau chini ya jani. Plinio Mzee, mwandishi wa Kirumi, anasimulia kwamba wakulima wa Kaisari Tiberio walikuwa na matuta ya matango yaliyowekwa juu ya magurudumu: siku za jua yalisukumwa nje, siku za baridi yalirudishwa ndani, chini ya mawe yanayopitisha mwanga. Karibu miaka 2,000 iliyopita, tangu vitalu vilipoanza kutajwa, kuna watu walioona kwamba mmea unahitaji pande zote mbili.

Wanasayansi pia wanahangaika na mpaka huu. Tafiti nyingi za mimea hufanyika ndani, maana ndani vitu vinapimika. Mwaka 2016 Hendrik Poorter na wenzake walilinganisha mimea iliyokuzwa ndani na ya aina hiyohiyo iliyokuzwa nje, wakaona kwamba ya ndani hukua haraka zaidi, hupimwa ikiwa michanga, huota ikiwa haijabanana, na kwamba kilichoonekana ndani mara nyingi hakitabiri vizuri kitakachoonekana shambani. Mbegu iliyosifiwa kwenye kitalu cha majaribio bado ina mtihani wake wa upepo.

Niliahidi kusema kitalu kinaposhinda. Kinashinda kwenye maji, tena kwa mbali. Nyanya ya shamba la wazi kwenye nchi kavu inaweza kutumia lita 60 hivi kwa kila kilo, wakati vitalu bora vya Uholanzi, vinavyokusanya na kurudisha maji yao, hutumia sehemu ndogo sana ya hizo. Kinashinda kwenye wingi: kila mita ya mraba ya vitalu hivyo hutoa nyanya mara nyingi zaidi ya ile ya shambani. Kusini mwa Hispania, Almería, nyanda kame zilizokuwa na mavuno haba zimefunikwa kwa nailoni kiasi cha hekta 30,000 hivi, eneo linaloonekana kutoka angani kama theluji, na mboga zake hulisha sehemu kubwa ya Ulaya majira ya baridi. Huko pia nailoni hupakwa chokaa kila kiangazi ili joto lisiue mimea. Eneo hilohilo, lililojengwa ili lipate joto, hupakwa rangi ili likose joto. Kuna maji ya ardhini yanayopungua na mabaki ya nailoni yanayopeperuka, na mtu anayeshangilia mavuno yale anapaswa kuyataja hayo pia.

Kwa hiyo ninayemshauri simuulizi ana fedha kiasi gani. Namuuliza ni kipi hasa kinachomshinda nje. Kama ni mvua ya kuozesha majani, anahitaji paa, si kuta. Ajenge kivuli cha nailoni chenye pande zilizo wazi, na atabaki na upepo, nyuki na nyigu wake wote. Kama ni wadudu, nyumba ya wavu mtupu bila nailoni itampa sehemu kubwa ya kinga na kumwachia mvua ya kuosha udongo. Kama ni jua kali na ukavu, matandazo mazito na wavu wa kivuli vinaweza kutosha. Kama ni baridi ya kweli, ya kuua, hapo kitalu kamili kina kazi. Nimeona watu wakijenga kitalu kamili kwa tatizo la paa tu, kisha wakatumia misimu kadhaa kupambana na joto ambalo hawakuwa nalo.

Kwangu miche yote huanzia ndani, maana wiki za kwanza ni dhaifu na hapo ulinzi unalipa. Matango hubaki ndani. Aina ninazopanda hazihitaji mchavushaji kabisa, na ngozi yake nyororo haipendi upepo wa vumbi. Nyanya nagawa: za msimu wa mvua chini ya paa, za msimu mkavu nje kwenye upepo. Maharage, mahindi na maboga hayajawahi kuingia ndani, na sioni sababu yoyote ya kuyaingiza. Boga linataka nyuki asubuhi mapema na nafasi ya kutambaa, na vyote viwili viko nje tayari.